Nyumba njema si mlango, gereji ni mlango

*Katika Mji wa Kale wa Mombasa kuta za mawe zinatobolewa ili tuktuk na magari yapate pa kulala. Tunaifuata kazi hiyo hatua kwa hatua, tangu hati ya kiwanja hadi kizingiti, na kuuliza ni nani huumia ukuta ukiguswa vibaya.*

Na Mwandishi Wetu

Swala ya isha imekwisha na vichochoro vya Kibokoni vinaanza kujaa magurudumu. Tuktuk zinasukumwa moja moja hadi ubavu ukaribie kugusa ukuta, ili mpita njia abakishiwe pa kupenya. Aliyechelewa hana nafasi. Yake ataiacha mbali, ukingoni mwa barabara kubwa, na usiku kucha moyo wake utakuwa kwenye betri.

Katika nyumba moja ya orofa mbili, mwenyewe ameamua kuikata taabu hiyo. Chumba cha mbele, kilichokuwa duka, hakina mpangaji. Kina nafasi ya kutosha ila mlango ni finyu. Fundi mwashi ameshaanza kwa patasi na nyundo. Plasta ya simiti imeanguka mapande, na nyuma yake limejitokeza jiwe la matumbawe lenye vijitundu, limeshikwa na chokaa ya kale ambayo ukiisugua kwa kidole inatoka kama unga. Juu ya jiwe hilo zimeegemea ncha za boriti, nyeusi kwa umri. Boriti zimebeba dari, na juu ya dari kuna watu wanaolala.

Swali linalomkabili fundi huyo ni fupi. Mlango ukipanuliwa kwa mita moja na ushei, boriti hizo zitashikwa na nini?

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Kwa gereji ya Mji wa Kale methali hiyo inageuka. Chumba kipo tangu enzi za mababu, sakafu ipo na paa lipo. Kinachojengwa hasa ni mlango, na humo ndimo ilimo gharama yote, hatari yote na ugomvi wote.

Mji uliotangulia gari

Mitaa ya Mji wa Kale ilipangwa kwa kipimo cha mtu, punda na hamali mwenye mzigo. Ngome ya Yesu, Fort Jesus, ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, na Msikiti wa Mandhry unahesabiwa kuwa wa mwaka 1570. Nyumba nyingi zinazosimama leo ni za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, lakini njia zinazozizunguka hazikuwahi kunyooshwa kwa ajili ya injini.

Usafiri wa magurudumu ulipoanza kushamiri kisiwani, ulikuja kwa reli nyembamba. Mwanzoni mwa karne ya 20, maofisa na matajiri walisafiri kwa vigari vidogo vilivyosukumwa na watu juu ya vyuma, kutoka upande wa mji hadi Kilindini. Baadhi ya nyumba zilikuwa na tawi lake la reli lililofika hadi mlangoni, na kigari kikingoja hapo. Yaani shida ya kulaza chombo nyumbani ina zaidi ya miaka mia moja Mombasa. Enzi hizo aliisuluhisha mwenye cheo.

Kisha gari likaingia. Daraja la kuelea la Nyali lilifunguliwa mwaka 1931, na la zege likachukua mahali pake mwaka 1980. Tofauti na Lamu, ambako punda na mashua bado ndio usafiri mkuu, Mji wa Kale wa Mombasa umeshikana na jiji zima. Ukivuka barabara ya Digo tu, uko kwenye msongamano wa matatu, malori na bodaboda. Tuktuk ndizo zilizomaliza mchezo, kwa kuwa zinapenya pale ambapo gari dogo husalimu amri.

Leo tuktuk ni riziki ya nyumba nzima. Mwenyewe akiilaza nje, analaza nje mtaji.

> Chumba kipo tangu enzi za mababu. Kinachojengwa hasa ni mlango.

Hatua ya kwanza: pima njia

Wengi huanza kwa kupima chumba. Fundi mzoefu huanza barabarani.

Tuktuk ya kawaida ina upana wa mita 1.3 hivi na urefu usiozidi mita 2.7. Inageuka kwenye nafasi ndogo, na uzito wake ukiwa tupu ni chini ya nusu tani, kwa hiyo watu wawili wanaweza kuisukuma ikae sawa. Toyota Probox, gari linalopendwa na wafanyabiashara wa mjini, ina upana wa karibu mita 1.7 na urefu wa mita 4.2. Haisukumwi kando kwa mkono.

Ili gari la namna hiyo likate kona ya mraba na kuingia kwenye mlango wa mita 2.4 bila kuhangaika, wasanifu huhesabu njia ya upana wa mita 6 hivi mbele ya mlango. Vichochoro vingi vya Mji wa Kale havifiki nusu ya hapo. Mlango unaweza kutobolewa vizuri, ukapakwa rangi, na gari lisiingie hata siku moja.

Ndani nako kuna kipimo kilichowekwa na mikoko. Boriti, miti ya mikoko inayobeba dari, haitoki kwa urefu wowote utakao. Ndiyo maana vyumba vya nyumba zilizojengwa kwa desturi ya Waswahili ni virefu lakini vyembamba, vyenye upana wa kati ya mita 2.5 na 3. Mara nyingi chumba cha mbele hulala sambamba na njia. Ukiingiza chombo kwa kukikata ukuta wa mbele, nafasi uliyo nayo kutoka mlangoni hadi ukuta wa pili ni upana huo wa boriti, na si zaidi.

Hapo hesabu inajieleza. Tuktuk inaweza kukaa ndani ya chumba kimoja, japo kwa kubanana. Probox inadai ukuta wa mbele, na baada yake ukuta wa pili pia. Nyumba iliyosimama juu ya kuta nne inaombwa itoe mbili kwa ajili ya gari moja.

Wenye bahati ni wale wa nyumba za biashara zilizojengwa kwa mtindo wa Kihindi, kama zile za Ndia Kuu, ambazo chini zina milango mipana ya mbao inayofunguka kwa mbawa. Huko nafasi ilishaachwa na aliyejenga. Kinachopotea ni kodi ya duka.

Hatua ya pili: ardhi ni ya nani?

Kisiwani Mombasa mtu anaweza kumiliki nyumba bila kumiliki kiwanja kilichoibeba. Mtindo huo wa nyumba bila ardhi umeenea zaidi Majengo na mitaa jirani. Mwenye nyumba hulipa kodi ya ardhi kwa mwenye kiwanja, na hati zenyewe huweza kufuatwa nyuma hadi usajili uliokuja na Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908, iliyotungwa kwa ajili ya ukanda wa pwani. Mwenye nyumba wa aina hiyo akitaka kutoboa ukuta au kubadili matumizi, asimame kwanza na mwenye ardhi wakubaliane kwa maandishi.

Kuna pia nyumba za wakfu. Hizo zina msimamizi wake na ziko chini ya macho ya Tume ya Wakfu. Aishiye ndani hana ruhusa ya kuvunja hata kama amekaa miaka thelathini.

Na kuna nyumba za mirathi, ambazo ndizo nyingi. Babu alifariki, hati ikabaki kwa jina lake. Warithi wako wanane: wawili Kibokoni, mmoja Nairobi, mmoja Maskati, wengine hawajulikani walipo. Anayeishi chini ndiye mwenye tuktuk, na anayeishi juu ndiye atakayeshuka na dari. Ukuta ni wa wote, na sahihi ziwe za wote.

Hatua ya tatu: vibali

Mji wa Kale ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1990. Usimamizi wa urithi huo uko chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, ambayo yana ofisi yake ya uhifadhi hapa hapa mjini, na msingi wake ni Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006. Ngome ya Yesu ilipoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2011, Mji wa Kale uliwekwa kuwa ukanda wake wa kinga. Kwa hiyo ukuta wa mbele wa nyumba ya mtu binafsi unahusu pia hadhi ya ngome iliyo mtaa wa pili.

Kwa kawaida mwombaji hupita milango hii:

• Mchoro wa hali ilivyo na wa hali itakavyokuwa, uliotiwa sahihi na msanifu majengo na mhandisi waliosajiliwa.

• Idhini ya ofisi ya uhifadhi, inayoangalia sura ya nyumba upande wa njia, mlango, roshani na vifaa vitakavyotumika.

• Kibali cha serikali ya Kaunti ya Mombasa chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Anayeanza ujenzi bila kibali hicho anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au vyote viwili.

• Usajili wa kazi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011.

Orodha hii ndiyo inayowakimbiza watu. Wenye nyumba wanalalamika kwamba mchoro wa msanifu unaweza kula fedha zilizotengwa kwa simiti na mlango, na kwamba ofisi ni mbili tatu na kila moja inasubiri nyingine. Matokeo yake kazi inafanywa Ijumaa jioni hadi Jumapili, nyuma ya turubai, na Jumatatu asubuhi mlango mpya uko wazi.

> Anayeishi chini ndiye mwenye tuktuk. Anayeishi juu ndiye atakayeshuka na dari.

Hatua ya nne: ukuta wenyewe

Ukuta wa Mji wa Kale kwa kawaida una unene wa sentimita 45 hadi 60. Anayeuona hudhani ni jabali. Kwa kweli ni mawe yasiyo na umbo moja, yaliyopangwa na kujazwa chokaa, mchanga na udongo. Nguvu yake inatokana na uzito na kutulia. Ukiubana sawasawa kutoka juu, unabeba orofa kwa karne nzima. Ukiutoboa upande mmoja, unaanza kumwagika.

Kwa hiyo kazi ya kwanza hufanyika ndani, kabla nyundo haijagusa nje. Chini ya boriti huwekwa mhimili wa mbao au chuma, ukiinuliwa kwa nguzo za muda hadi ubebe dari. Nguzo hizo nazo zisimame juu ya mbao nene, zisije zikadidimia sakafuni. Orofa ya juu ihamwe kwa siku za kazi, na mapipa ya maji yaliyo darini yamwagwe.

Kizingiti cha juu, ambacho mafundi hukiita linta, huwekwa kwa nusu. Mwashi huchimba mfereji upande mmoja wa ukuta, hadi katikati ya unene wake, akaingiza nusu ya linta na kujaza juu yake hadi pakaze. Zikipita siku za kutosha, huhamia upande wa pili. Zege huhitaji siku 28 kufikia nguvu yake ya kupimiwa, na fundi anayeondoa nguzo siku ya tatu kwa sababu Idi imekaribia anacheza na roho za watu. Nusu zote mbili zikishika, ndipo ukuta ulio chini hubomolewa, kuanzia juu kushuka chini.

Ncha za linta zisilale moja kwa moja juu ya jiwe la matumbawe. Chini ya kila ncha huwekwa kitanda cha zege kitakachoutawanya uzito. Mlango nao usikaribie kona ya nyumba, kwa kuwa kona ndiyo inayozishika kuta mbili pamoja.

Adui wa pili ni chumvi. Mchanga wa baharini ni rahisi kuupata kisiwani, lakini chumvi yake hula nondo. Nondo ikishika kutu huvimba, na zege hupasuka kutoka ndani. Hapa pwani nondo inahitaji kufunikwa na zege nene, sentimita 4 hadi 5, na mchanga uwe wa bara au wa mto.

Kisha inakuja plasta. Mwenye nyumba hupenda simiti kwa sababu inakauka upesi na inang'aa. Lakini ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa kupitia chokaa. Ukiuziba kwa simiti, maji na chumvi hubaki ndani, plasta huvimba, na baada ya masika kadhaa inaanguka yenyewe. Chokaa inataka subira na fundi anayeijua. Mafundi hao wanapungua, na vijana wengi hufundishwa kazi ya matofali ya simiti tu.

Kwa mlango wenyewe, shata ya chuma ni nafuu siku ya kununua, lakini upepo wa chumvi huila. Mbao za mbambakofi zina gharama kubwa, ila zinadumu, na ofisi ya uhifadhi huzitazama kwa jicho jema kuliko bati.

Hatua ya tano: sakafu, shimo na moshi

Nyumba nyingi za kale zina shimo la maji machafu uani au chini ya sakafu, na nyingine zina kisima kilichofunikwa kikasahauliwa. Sakafu iliyozoea kubeba viti na magunia haikutengenezwa kwa magurudumu. Kabla ya kumwaga zege mpya, sakafu igongwe na kuchunguzwa, na mashimo yatafutwe.

Usawa nao una mtihani wake. Sakafu za nyumba hizi ziko juu ya njia, na mbele yake kuna baraza. Ili gurudumu lipande, baraza huvunjwa na mteremko hujengwa. Ukiingia njiani umeteka ardhi ya umma. Ukishuka ndani umeyaalika maji ya mvua za Aprili na Mei yalale chini ya injini.

Jambo lisilozungumzwa sana ni moto. Chumba kilichokuwa duka kina dari ya boriti na mbao, juu yake kuna vitanda, na ndani yake sasa kuna tangi la petroli, pengine na dumu la akiba. Gari la zimamoto halifiki kwenye vichochoro hivyo. Gereji ya ndani inahitaji matundu ya hewa chini na juu ya ukuta, dari iliyokingwa, kizimamoto karibu na mlango, na mwiko wa kuwasha injini huku mlango umefungwa. Gesi yake ya sumu haina rangi, na huwakuta watu usingizini.

Kila upande na haki yake

Wenye vyombo wana hoja nzito. Mji si jumba la maonyesho, wanasema. Watu wakikosa pa kulaza riziki yao watahamia Kisauni au Likoni, nyumba zibaki tupu, na nyumba tupu huanguka upesi kuliko iliyotobolewa. Wanauliza pia kwa nini kaunti iliweza kuamuru mwaka 2018 majengo ya katikati ya jiji yapakwe nyeupe na buluu, lakini haijawapa pa kuegesha.

Wahifadhi nao wanaona mbali. Mlango mmoja si neno. Milango ishirini katika mtaa mmoja inaondoa baraza ishirini, na mtaa unageuka kuwa mstari wa mashata. Watalii na wanafunzi wa usanifu huja kwa ajili ya sura hiyo, na waongozaji, wauza kahawa na wachonga milango hula kwayo.

Jirani ndiye anayesikilizwa kidogo kuliko wote. Nyumba za hapa zimeshikana mabega, na mara nyingi ukuta ni mmoja kwa nyumba mbili. Ufa ukianza kwa mwenye gereji, humalizikia kwa asiye na gari. Kinamama wanaokaa barazani alasiri hupoteza kikao, na watoto hupoteza uwanja.

> Ufa ukianza kwa mwenye gereji, humalizikia kwa asiye na gari.

Njia iliyo katikati

Unguja, ambako Mji Mkongwe uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, magari mengi hubaki pembezoni na watu huingia kwa miguu. Hata huko, kuporomoka kwa sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la sultani, tarehe 25 Desemba 2020 kulikumbusha kwamba jengo la kale halisamehe, liwe la sultani au la muuza mbaazi.

Mombasa ingeweza kuyachukua mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni maegesho ya usiku kwenye kingo za mji, yenye taa na mlinzi, kwa ajili ya magari makubwa ambayo hata hivyo hayawezi kukata kona vichochoroni. La pili ni mchoro mmoja wa mlango wa tuktuk, uliokubaliwa na makavazi na kaunti kwa pamoja: upana wa mita 1.6, mbao mbili za kufunguka, linta iliyokwisha kupigiwa hesabu, plasta ya chokaa. Mwenye nyumba angeuchukua mchoro huo kwa ada ndogo, mhandisi angekagua nyumba yake tu badala ya kuchora upya, na fundi wa Ijumaa jioni angekosa kazi.

Mlango wa mita 1.6 ni mpana kidogo tu kuliko baadhi ya milango iliyopo. Kwa nyumba kadhaa, kazi ingeishia kwenye fremu na sentimita chache za jiwe.

Hadi hayo yafike, ushauri kwa anayetaka gereji nyumbani ni wa mpangilio. Pima njia, kisha chumba, kisha uzito wa sakafu. Zungumza na warithi na jirani kabla ya kuzungumza na fundi. Ukifika kwenye ukuta ukaona bado unalazimika kuuvunja, basi chombo ulichonunua ni kikubwa kuliko nyumba yako, na kilicho rahisi kubadilisha kati ya hivyo viwili ni chombo.